Ushujaa au Majivuno?

Kijana wa Nangwa ajifunzaye kuinua gurudumu la mbele la pikipiki, aende kwa lile la nyuma tu, je, atenda dhambi? Wengi hujibu upesi: ndiyo. Sisi twaomba tupime kwanza.

Ustadi wenyewe si uovu. Wataka usawa wa mwili, na mguu usiobanduka kwenye breki ya nyuma, maana hiyo ndiyo ishushayo pikipiki inapotaka kupinduka. Lakini gurudumu la mbele ndilo liongozalo. Likiwa hewani, mpandaji hawezi kumkwepa mtoto avukaye njia. Kiwanjani, na kofia ngumu kichwani, ahatarisha uhai wake, nao ni amana ya Mungu. Barabarani acheza na uhai wa mwenziwe asiyeulizwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba miongoni mwa adui za ushujaa wamo woga, na ujasiri usio na kiasi. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang lilipofunika Katesh, wako walioingia topeni kuokoa watu. Hatari yao ilikuwa na sababu. Je, makofi ni sababu?

Shetani alimtaka Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Alikataa, wala hakuwa mwoga.

Basi, kijana, jiulize: pasipokuwa na mtazamaji, ningefanya? Ukijibu ndiyo, nenda kiwanjani ukajifunze kwa kiasi. Ukijibu la, ujue huutafuti ustadi, bali sifa. Na sifa hiyo huenda akailipia mtoto wa jirani.