Je, Yafaa Kumwongoza Mtu kwa Siri kwa Ajili ya Mema Yake?



Watu wawili wanapopenda kitu kimoja, mara nyingi hubishana juu yake. Anayewasikia hudhani kwamba wanachukiana. Sivyo. Hakuna mtu anayepoteza usiku wake kubishana juu ya kitu asichokijali. Ndugu hubishana juu ya shamba la baba yao. Shamba la mtu wa mbali hawalitaji hata kidogo.

Leo nataka kuwasimulia ubishi wa namna hiyo. Ni ubishi wa wapenda vitabu, nao umeendelea miaka mingi huko Marekani na Ulaya bila kwisha. Pengine utasema: «Vitabu vya hadithi vinatuhusu nini sisi?» Ngoja kidogo. Chini ya ubishi huo mna swali linalomgusa kila mzazi, kila mwalimu na kila mwenye kuongoza watu.

1. Habari za vitabu hivyo

Kuna hadithi zinazotungwa juu ya mambo ya sayansi na nyakati zijazo. Mtungaji hujiuliza: Watu wakisafiri mpaka kwenye nyota, itakuwaje? Wakitengeneza mashine yenye akili, itakuwaje? Kisha anaandika jibu lake kwa njia ya hadithi.

Mmoja wa watungaji waliosifiwa sana katika kazi hiyo ni Isaac Asimov. Alizaliwa Urusi mwaka 1920, akapelekwa Marekani angali mtoto mdogo, na wazazi wake wakaishi kwa duka la peremende. Yeye alisoma kemia, hata akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Boston. Mwaka 1941, akiwa kijana wa miaka 21, alifikiri juu ya kuanguka kwa dola la Roma. Akajiuliza kama angeweza kusimulia kuanguka kwa dola jingine, dola la nyota. Hadithi ya kwanza ilitoka gazetini mwezi wa Mei 1942. Nyingine zikafuata, kisha zikakusanywa katika vitabu vitatu, mwaka 1951, 1952 na 1953. Huitwa vitabu vya Foundation, maana yake Msingi.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka elfu nyingi mbele yetu, wanadamu wameenea katika dunia karibu milioni 25, na Kaisari mmoja anazitawala zote. Mtaalamu wa hesabu, jina lake Hari Seldon, amevumbua elimu mpya iitwayo saikohistoria. Ni elimu ya kupiga hesabu ya mambo yatakayotendwa na makundi makubwa ya watu. Fikiri sufuria yenye maji motoni. Hakuna awezaye kukuambia chembe moja ya mvuke itakwenda upande gani. Lakini kila mama jikoni ajua kwamba mvuke wote pamoja utainua kifuniko. Vivyo hivyo Seldon hajui mtu mmoja atatenda nini, lakini ajua taifa zima litakwenda wapi.

Kwa hesabu zake aliona kwamba dola litaanguka, na kwamba giza la ujinga na vita litadumu miaka 30,000. Kuzuia hakuwezekani. Lakini giza laweza kufupishwa hata likawa miaka 1,000 tu. Kwa sababu hiyo aliweka makundi mawili. La kwanza, la mafundi na wataalamu, lilikaa wazi mbele ya watu wote katika dunia ndogo ya Terminus, mwisho wa nyota. La pili lilifichwa, nalo ni la watu wajuao kuongoza akili za wengine. Tena aliweka sharti: watu wasijue mpango huo, kwani wakiujua watabadili mwendo wao na hesabu itaharibika.

2. Ubishi wenyewe

Mwaka 1966 wapenda hadithi hizo walikusanyika mjini Cleveland, Marekani, wakapiga kura kuchagua mfululizo ulio bora wa nyakati zote. Foundation ilishindanishwa na mifululizo mingine minne, mmoja wao ni ule wa Tolkien, yaani The Lord of the Rings. Asimov mwenyewe alidhani kwamba Tolkien atashinda. Kumbe ilishinda Foundation.

Je, kura ilimaliza ubishi? Hata kidogo! Kura huonyesha wengi wanapenda nini. Haionyeshi kwa nini, wala kama wana haki.

Wanaoilaumu Foundation husema hivi: Watu wake ni kama vivuli. Wanaketi chumbani, wanazungumza, wanazungumza tena, na vita vinapiganwa mbali, tusikokuona. Katika kitabu cha kwanza wanawake ni kama hawapo. Unamaliza sura, miaka 50 inapita, na wote uliowazoea wamekwisha kufa. Lawama hiyo si ya uongo. Asimov alipovisoma tena vitabu vyake kabla ya kuandika cha nne, kilichotoka mwaka 1982, alikiri kwamba alingoja tendo litokee, asione ila mawazo na mazungumzo.

Wanaoitetea hujibu: Ninyi mnatafuta mtu mmoja shujaa, lakini hapa shujaa ni wazo lenyewe. Ni habari za mataifa, si za mtu. Nao wana ushuhuda mzuri. Paul Krugman, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2008, amesema kwamba vitabu hivyo alivyosoma ujanani ndivyo vilivyomvuta kwenye elimu ya uchumi. Kitabu kinachomwamsha kijana namna hiyo si kitu cha kudharau.

Tangu mwaka 2021 hadithi hizo zimeonyeshwa pia katika televisheni, na baadhi ya wanaume wa kitabuni wakafanywa wanawake. Basi ubishi ukawaka upya.

3. Swali lililo chini ya ubishi

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Mtu anayelalamika kwamba «watu wa hadithi hii ni vivuli» hafikirii ufundi wa kuandika tu. Anauliza jambo kubwa zaidi: Ukiwahesabu watu kama chembe za mvuke, je, bado unawaona kuwa watu?

Katika kitabu cha pili Asimov mwenyewe analijibu swali hilo, na hapo ndipo ninapompenda zaidi. Anatokea mtu mmoja ambaye hesabu za Seldon hazikumjua, aitwaye Mule. Huyo amezaliwa na uwezo wa kugeuza mioyo. Akitaka, adui yake anaanza kumpenda na kumtumikia maisha yake yote. Anateka dunia moja baada ya nyingine, na mpango wa Seldon unavunjika.

Ni nani anayemzuia? Ni mwanamke mmoja, Bayta. Mule alijigeuza mchekeshaji maskini, mwenye umbo la kuchekesha watu, akasafiri pamoja na Bayta na mumewe. Bayta alimhurumia na kumtendea mema, asijue yeye ni nani. Basi Mule, aliyezoea kupendwa na mioyo aliyoipinda mwenyewe, alionja mara ya kwanza upendo ambao hakuulazimisha. Akauthamini mno, asitake kuugusa. Akaigeuza mioyo ya wengine, lakini moyo wa Bayta akauacha kama ulivyo. Na kwa kuwa akili yake ilibaki yake, Bayta aliitambua hila, akamnyima Mule siri ya kundi la pili dakika ile ile ilipokuwa karibu kutamkwa. Alifanya hivyo kwa kumpiga risasi mzee rafiki yake, aliyetaka kuisema. Kumwua asiye na hatia si halali, hata kwa kusudi jema, nami silisifu tendo hilo. Lakini angalia jambo moja: jitu lililoshinda majeshi lilishindwa na moyo mmoja lililouacha huru.

Ndiyo maana nasema kwamba wenye kulaumu wana haki, na kitabu chenyewe kiko upande wao. Mtu si chembe ya mvuke.

4. Lakini kitabu cha tatu?

Hapa wapenzi wa Foundation wanagawanyika kweli. Katika kitabu cha tatu yuko msichana wa miaka 14, Arkady, mjukuu wa Bayta. Ana akili, ana ushujaa, anakimbia hatari, na mwishoni anatambua jambo ambalo wakubwa wote hawakulijua. Msomaji anafurahi. Kisha, katika kurasa za mwisho, tunaambiwa kwamba wale waliofichwa waliigeuza akili yake tangu utoto, ili aseme neno lile siku ile. Msichana hajui, wala hatajua kamwe. Anadhani amechagua mwenyewe.

Tena, kusudi siri yao ilindwe, watu 50 wa kundi hilo walijitoa wapatwe na mabaya, ili wengine waamini kwamba kundi lote limekwisha.

Wengine husema: Ni mwisho mzuri! Kila kitu kimefungwa vema, na watu wataokolewa na giza la miaka 30,000. Wengine husema: Ni wizi! Mule aligeuza mioyo tukamwita mwovu. Hawa nao wanageuza akili, tuwaite wema?

Mimi nasemaje? Nasimama na hao wa pili. Kwanza natimiza haki ya wengine. Watasema: Je, mzazi hamfichi mtoto mambo mengi? Je, mganga hatii dawa chungu katika asali? Ni kweli. Lakini tupambanue. Mzazi mwema huficha kwa muda, mpaka mtoto akue apate kuamua. Waliofichwa wa Seldon huficha kusudi watu wasikue. Mganga anaificha ladha ya dawa. Hakupindi moyo ukadhani kwamba wewe mwenyewe uliitaka. Kumshauri mtu ni kumletea sababu mbele ya akili yake, naye aweza kukataa. Kumpinda ni kumnyang'anya ile akili ya kukataa nayo. Ukimtendea mtu mema kwa namna hiyo, mema yenyewe hayawi yake. Ni kama kumvika maiti nguo mpya.

Wakristo walitazame pia jambo la kitabu cha kwanza. Watu wa Terminus wanageuza elimu yao ya mashine kuwa dini, wanawafundisha majirani kuiogopa, na kwa dini hiyo wanawatawala. Makuhani wao wanajua kuzitumia mashine, hawajui sababu ya mwendo wake. Wasomaji wengine hucheka hapo kwa kufurahia werevu huo. Mimi sikucheka. Dini iliyotengenezwa iwe kamba ya kufungia watu si dini, na aliyeishika kamba hiyo mkononi ajua vizuri kwamba yeye mwenyewe haamini.

5. Basi, vitabu hivyo ni vizuri?

Naam, ni vizuri, na lawama zake ni za kweli. Mambo haya mawili hayapigani. Mwenye kupenda kitabu hana haja ya kuficha kasoro zake, kama vile mwenye kupenda rafiki hana haja ya kusema kwamba rafiki hakosi. Na mwenye kulaumu asiwadharau wanaopenda, kana kwamba yeye peke yake ana macho. Jambo la kukumbuka ni hili: katika kitabu cha mwaka 1982 Asimov alilirudia swali lile lile. Huko anamweka mtu mmoja, Golan Trevize, achague njia kwa ajili ya watu wote wa nyota. Baada ya hesabu zote, mambo yanangoja neno la mtu mmoja. Wasomaji wanabishana mpaka leo kama alichagua vema. Ubishi huo ni afya, kwa maana kila abishaye kwa haki anamtendea mwenzake kinyume cha Mule: anamletea sababu, kisha anamwachia hiari.

Nasi nyumbani kwetu? Hatuna saikohistoria, lakini hila ndogo tunazo. Baba anampangia binti yake ndoa kwa maneno ya kuzunguka, kusudi adhani amechagua mwenyewe. Mkuu wa chama anaitisha mkutano, na shauri limekwisha kukatwa jana usiku. Kila mmoja anasema: «Ni kwa ajili ya mema yao.» Pengine ni kweli. Lakini ajiulize: Wakigundua kesho nilivyofanya, je, wataweza kunishukuru, au wataona kwamba niliwafanya watoto wasiokua?

Asiyeweza kujibu swali hilo kwa moyo mweupe, bora aende leo hii kwa binti yake, au kwa wanachama wake, awaambie wazi jambo analolitaka. Huenda watakataa. Lakini wakikubali, watakuwa wamekubali wao.