Sauti Yako Ikikurudia

Hapa Lubudi mimi ni fundi wa simu na paneli za jua, na siku hizi nafunga pia visanduku vya kuongeza rezo, yaani mtandao wa simu. Nyumba zetu ni za manjanja, yaani mabati, na bati halipitishi mawimbi: nje chini ya mwembe simu inaita, ndani imekufa. Kazi hiyo imenipa namna ya kufikiri juu ya swali linalokwepwa katika makanisa yetu: anayesema Mungu amezungumza naye, atajuaje kwamba hakusikia sauti yake mwenyewe?

Antena ya nje unaipandisha juu ya bomba, unaielekeza mnarani. Waya wa shaba unashuka hadi kisandukuni, na antena ya ndani inagawa rezo chumbani. Ugumu wote uko katika nafasi kati ya antena hizo mbili. Kisanduku cha desibeli 70 kinakuza ishara mara milioni 10. Basi sehemu moja tu ya milioni 10 ikivuja kutoka ndani ikafika antena ya nje, kisanduku kinaipokea kana kwamba imetoka mnarani, kinaikuza, inavuja tena. Taa inakuwa nyekundu, mazungumzo yanakatika. Na kisanduku cha bei rahisi, kisichojua kujizima, kinamwaga kelele hadi mnarani, majirani nao wasisikike.

Nilipomfungia yaya, ndugu yangu mkubwa, taa iliwaka nyekundu.

“Ongeza nguvu!” akaniambia.

Nikapunguza. Kisha nikahamisha bomba hadi pembe ya mbali ya paa, bati lote likae katikati. Taa ikawa kijani. Jioni hiyo mwanawe akapiga kutoka Kolwezi. Yaya alikuwa ameomba kwa kufunga, akaota mtoto amerudi kwa Pasaka, akatangaza ndoto ile kanisani. Mtoto akamwambia amepata kazi mgodini, haji.

Kwetu ndoto si jambo geni. Wazazi wetu walikuwa watu wa Jamaa, kundi lililozaliwa Ruwe, kwenye kambi ya wachimbaji pale Kolwezi, katika miaka ya 1950. Mwanzilishi wake, Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo 1933. Alisimulia baadaye kwamba alihubiri miaka mingi bila kuzaa matunda, mpaka alipoacha kufundisha na kuanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini. Walimjibu uzima, uzazi, mapendo, na juu ya hayo Jamaa ikajengwa. Mume na mke waliingia pamoja. Ndoto zilikuwa na uzito mkubwa kwao, lakini nyumbani kwetu baba hakuota peke yake: aliyoyaona usiku aliyaweka mbele ya mama, na mama hakuwa mwepesi wa kuitikia amina.

Utasema Biblia imejaa watu waliosikia peke yao. Mtazame Samweli. Aliitwa usiku akadhani ni Eli, na ni Eli aliyemwambia nani anayemwita. Ujumbe wenyewe ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Kijana akaogopa kuusema, mzee akamlazimisha aseme. Hakuna kati yao aliyekuwa na faida katika maneno yale. Ndiyo maana nayaamini kuliko unabii wa gari na viza ninaousikia kila juma kwenye spika.

Sisemi kwamba neno chungu ni la Mungu kila mara. Mtu mwenye kinyongo naye hujikuzia uchungu wake akauita ufunuo. Ninachodai ni nafasi: kati ya kinywa kinachoomba na sikio linalopokea akae mtu mwingine, asiye na haja na jibu tunalolitaka. Mahali pasipo na mtu huyo, kuongeza sauti, kufunga na kukesha ni kuongeza nguvu ya kisanduku chenye taa nyekundu.

Tena kisanduku hakizalishi rezo. Kinakuza iliyopo tu. Nikipandisha antena hadi ncha ya bomba nisipate kitu, namwambia mwenye nyumba, na pesa yake siichukui. Natamani Jumapili moja nimsikie mhubiri akisimama mbele ya watu waliokwisha kutoa sadaka, aseme waziwazi: juma hili sikusikia kitu.