Chombo Kisichojulikana na Ushuhuda wa Kweli

Mtu mmoja aliachiwa sanduku la marehemu baba yake, seremala wa zamani, akaona ndani yake chombo asichokijua. Chafanana na koleo. Kina vipini viwili vya kubanwa kwa kiganja, na mbele pana kigurudumu cha chuma chenye tarakimu. Majirani wakatoa majina. Mmoja alisema ni cha kutobolea ngozi; wa pili, cha kung'olea meno (naye kwa neno lile meno alikuwa karibu na kweli kuliko alivyodhani). Wa tatu akasema ni chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo. Je, kukipa kitu jina bila kukijua ni dhambi, au ni porojo tu?

Na tukitazame kwanza. Sandukuni kilikaa pamoja na tupa za pembe tatu, ambazo ndizo za kunolea meno ya msumeno. Juu yake yasomeka Eclipse 77: ni kazi ya kiwanda cha James Neill, Sheffield, Uingereza. Tarakimu za kigurudumu, 4 hata 12, ni hesabu ya ncha za meno katika inchi 1 ya msumeno. Kigurudumu hicho ni fuawe. Ukingo wake umechongwa mshazari, ili meno makubwa yapindwe zaidi na madogo kidogo. Vipini vikibanwa, kijiti cha chuma husukuma ncha ya jino juu ya mshazari huo. Fundi hupinda jino moja, huruka moja, hata mwisho. Kisha hugeuza msumeno na kuyapinda yaliyobaki upande wa pili. Kwani njia ya msumeno katika mti haina budi kuwa pana kuliko bamba lake. Isipokuwa hivyo msumeno hukwama, hasa katika mbao mbichi. Wala haipindwi ila nusu ya juu ya jino. Apindaye toka shinani huweza kulivunja.

Wengine husema, chuma hakina moyo, hakidhuriki. Ni kweli. Walakini aliyekiita chakavu alisema nini juu ya marehemu? Alisema kwamba mzee alitunza takataka, kumbe alitunza makali ya kazi yake. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, katika amri ya 8 yatuagiza kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Mimi sioni kwamba kifo chamtoa mtu katika ujirani huo. Hawezi tena kujitetea. Vyombo vyake ndivyo visemavyo.

Sisemi kila asiyejua ni mwongo. "Sijui" ni neno la heshima, nalo ni adimu barazani, hasa kwetu wachungaji tunaodhaniwa kujua yote. Dhambi huanzia pale mtu apendapo kuonekana mjuzi kuliko kumfaa amwulizaye.

Na mrithi je? Misumeno mingi ya mkono iuzwayo siku hizi meno yake yamefanywa magumu kwa joto la umeme kiwandani, hata tupa haiyaingii. Yakiisha makali, msumeno hutupwa. Ndiyo sababu vijana hawakijui chombo hiki. Mrithi hakatazwi kukiuza, lakini na akiuze kwa jina lake, mnunuzi ajue anunua nini. Ama akipake mafuta, akirudishe penye tupa zake.