Kuchukuliana Mizigo



Padre wetu ametuomba tuandike machache ya kuwasaidia Wakristo wa mtaa huu kujitafakari kabla ya Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Sisi si mapadre, wala hatukupata kusoma chuo cha theolojia. Tulisoma chuo cha ualimu, tukashika chaki zaidi ya miaka thelathini, na sasa tumestaafu. Basi mtuwie radhi tukifundisha kama mwalimu wa shule: kwanza somo, kisha mfano, na mwisho zoezi la kufanya nyumbani.

Somo letu latoka katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 6. Katika mstari wa 2 Mtume Paulo anawaagiza Wakristo wachukuliane mizigo, maana ndivyo watakavyoitimiza sheria ya Kristo. Lakini ukishuka hadi mstari wa 5, anasema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Watoto wa darasa la Kipaimara waliwahi kutuuliza kama Paulo amejisahau. Hakujisahau. Iko mizigo ambayo hakuna awezaye kukubebea: sala zako, toba yako, hesabu utakayoitoa mbele za Mungu. Na iko mizigo inayomzidi mtu nguvu. Mwanamke atokaye kisimani hubeba ndoo yake mwenyewe hadi nyumbani, lakini pale kisimani huhitaji mwenzake wa kumtwika. Asipopatikana wa kumtwika, atasimama pale na ndoo yake mpaka jua lichwe.

Maisha ya Mkristo ni kama chungu kilichotelekwa juu ya mafiga matatu, yaani ibada, umoja na huduma. Ondoa figa moja, chungu kitapinduka, hata kama mawili yaliyobaki ni makubwa namna gani. Tunawajua watu wanaosali sana wala hawamjui jirani yao mgonjwa. Tunawajua pia wanaosema, "Mimi nawasaidia maskini, kanisani nikafanye nini?" Wote wawili chungu chao kimeinama.

Wakristo wa Korintho walikuwa na shida hiyo hiyo. Soma 1 Wakorintho 11, kuanzia mstari wa 17. Walikutanika kwa Chakula cha Bwana, lakini wenye mali walitangulia kula na kunywa mpaka wakalewa, na maskini wakabaki na njaa. Paulo hakuwakemea kwa kukosa kwenda kanisani, maana walikwenda. Aliwaambia kuwa mkutano wao uliwaletea hasara badala ya faida. Walikuwa wakila mkate bila kuutambua mwili wa Bwana. Na mwili huo, ndugu zangu, ulikuwa mkatena, tena ulikuwa na yule maskini aliyekaa mlangoni na tumbo tupu.

Sasa tuchukue mfano kutoka katika historia ya Kanisa letu wenyewe. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, padre kijana wa U.M.C.A., na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Kanisa kuu lake lilikuwa lile la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Weston alipenda ibada yenye heshima zote, uvumba, mishumaa na Sakramenti kuhifadhiwa katika tabernakulo. Katika mambo hayo hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza, vikafika katika nchi yetu. Magari yalikuwa haba, barabara hazikuwapo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo chakula na risasi za majeshi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi hao walitolewa vijijini mwao, wengi kwa nguvu, wakafa kwa maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam latokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Tunapita Kariakoo kununua vitenge na sufuria, wala hatukumbuki kuwa tunalitaja jina la watu waliokufa wakibeba mizigo ya wengine.

Mwaka 1916 Askofu Weston alikubali kuongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja. Alipewa cheo cha meja, akatembea nao katika nchi ya pwani. Angeweza kukaa Mkunazini akawaombea, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijua kuwa mpagazi asiye na mtu wa kumsemea hufa kama mbwa njiani. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika washurutishwe kufanya kazi, aliandika kulipinga jambo hilo waziwazi. Na mwaka 1923, mjini London, alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana waliopenda ibada kama yake, akawaonya kuwa haiwezekani mtu amsujudie Yesu katika Sakramenti, kisha asimwonee huruma Yesu huyo huyo katika watu wa vibanda na matambara. Aliwaambia watoke mbele ya altare wakamtafute huko mitaani, na wakimwona wamwoshe miguu.

Hatusemi haya ili kumfanya malaika. Mwaka 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, katika nchi ya Kenya, kutafuta njia ya madhehebu mbalimbali kushirikiana, nao wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Weston alikasirika, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kuwa wameiacha imani ya Kanisa, na shauri hilo likafika hadi Uingereza kwa Askofu Mkuu. Lakini mwaka 1920, maaskofu walipokutana Lambeth, yeye alikuwa miongoni mwa waliounga mkono wito kwa Wakristo wote watafute umoja. Hakuitupa imani yake juu ya Sakramenti. Ila kati ya miaka hiyo alikuwa ametembea na wapagazi, na hatuoni ajabu kama safari ile ilimfundisha jambo.

Sisi wa Tanzania tuna sababu ya kuyatafakari hayo. Mwaka 1970 Kanisa letu likawa Jimbo linalojitegemea, na Askofu John Sepeku akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Katika nyumba hiyo moja walikutana watoto wa mama wawili: wale wa U.M.C.A. wa Unguja, Tanga, Masasi na upande wa Nyasa, na wale wa C.M.S. wa Dodoma, Morogoro na upande wa Ziwa. Hawa walizoea uvumba na Misa ya kuimbwa, na wale walizoea ibada isiyo na mapambo, mahubiri marefu na ushuhuda. Watu wakihama kwa kazi na ndoa, hukutana katika kanisa moja, na hapo ndipo tunapojuana.

Sasa tuwaambieni jambo lililotupata sisi wenyewe. Tunalisema kwa aibu.

Kabla ya kuhamia hapa tulisali katika mtaa mwingine, na sisi ndio tulioandika muhtasari wa mikutano ya halmashauri ya kanisa. Mwaka mmoja ukazuka ugomvi juu ya uvumba. Wenyeji walitaka chetezo kitumike kila Jumapili kama zamani. Waliohamia kutoka bara walisema moshi ule unawazuia kusali. Ikafika mahali wa upande huu wakaa safu za kulia na wa upande ule safu za kushoto, na wakati wa kupeana amani watu walipeana mikono na wa upande wao tu. Halmashauri ilikutana mara tatu juu ya shauri hilo, kila mkutano kuanzia saa nane hadi magharibi.

Katika mtaa ule alikuwapo bibi mmoja mjane. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefagia kanisa na kufua vitambaa vya altare, mpaka alipopooza mkono na mguu wa kushoto. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza. Habari yake ililetwa katika mkutano wa kwanza, ikawekwa chini ya "mengineyo." Tuliandika kwa mkono wetu kuwa imeahirishwa kwa kukosa nafasi. Katika mkutano wa pili tuliandika vivyo hivyo. Katika wa tatu tukaandika kuwa iundwe kamati.

Kamati ilikuwa haijakutana bado masika ilipoanza. Ukuta mmoja ukaanguka usiku. Majirani zake, ambao ni Waislamu, walimhamishia kwao. Mama wa nyumba ile alimwogesha na kumlisha uji kwa kijiko, majuma matano, mpaka alipofariki. Ndipo sisi tukafika, na vitenge vyetu na vitabu vyetu vya sala. Mama yule alitupokea kwa heshima, akatukalisha mkekani, akasema, "Mwalimu, kila Jumapili akisikia kengele ya kanisani alikuwa akiniuliza, 'Wamekuja?' Nami nikimjibu, 'Watakuja, bibi.'"

Hatukuwa na la kusema. Hata leo hatuna.

Siku ya maziko mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya makaburini ilikuwa nyembamba, yenye utelezi. Jeneza lilihitaji watu wa kupokezana. Katika kupokezana kule, mzee aliyewaongoza watu wa uvumba na mzee aliyewaongoza wale wasioutaka walijikuta mbele pamoja, bega la huyu na bega la yule chini ya jeneza moja. Hawakuwa wamesalimiana kwa miezi. Mmoja alipoteleza, mwenzake alimshika mkono, akamwambia, "Taratibu, kaka." Vijana wa Kiislamu wa jirani walishika upande wa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyomfikisha.

Mkutano uliofuata ulianza kwa majina ya wagonjwa na wajane, na kila jina likaandikiwa mtu wa kwenda. Shauri la uvumba lilifika mwisho: Padre aliamua uvumba utumike siku za sikukuu, na Jumapili nyingine usitumike. Lilichukua dakika kumi. Watu walewale walioshindwa kwa saa nyingi waliweza kwa dakika kumi, kwa sababu walikuwa wamekwisha kubeba kitu kimoja. Twaamini Bwana ametusamehe. Lakini bibi yule hakurudi, na swali lake hatukulijibu angali hai.

Tukumbuke pia Bwana wetu usiku ule wa Karamu ya mwisho, katika Yohana 13. Aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi miguu. Yuda naye alikuwapo, na miguu yake ikaoshwa pamoja na ya wenzake. Yesu hakungoja kwanza wanafunzi wapatane ndipo awahudumie. Nasi tusingoje kupatana ndipo tuhudumu, kwa maana mara nyingi watu hupatana kazini.

Basi, zoezi la nyumbani ni hili.

La kwanza, kila mmoja wetu asome Mathayo 5, mstari wa 23 na 24, Jumamosi usiku kabla ya Misa. Ukimkumbuka ndugu mwenye neno juu yako, usiseme utamwona Jumatatu. Nyumba yake waijua.

La pili, sala za nyumbani asubuhi na jioni zisiachwe, walau Baba Yetu na zaburi moja, na ndani yake mtajwe mgonjwa mmoja kwa jina. Ukimtaja mgonjwa siku tatu mfululizo, siku ya nne nenda. Usiende mikono mitupu; chukua sabuni, sukari au mzigo wa kuni. Kama huna kitu, chota maji, fagia uwanja. Na akitaka Sakramenti, mwarifu Padre siku hiyo hiyo.

La tatu, ukitumwa kazi ya kanisa, usimchague mwenzako wa kawaida. Mwombe yule msiyeelewana mwende pamoja. Akina mama wa Umoja wajue kwamba haya yanawahusu, na wanakwaya vilevile, na sisi wazee tulio wepesi wa kuunda kamati kuliko wote.

Askofu Weston alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, Siku ya Marehemu Wote. Mwaka huu tena siku hiyo tutasoma majina ya marehemu wetu mbele ya altare, na orodha itakuwa ndefu. Tuyasome yote kwa heshima. Lakini tukiisha kuyasoma, tutoke tukawatazame walio hai, ambao sasa hivi wanasikia kengele yetu wakiwa wamelala, na wanauliza kama tunakuja.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeubeba mzigo wetu msalabani, utusamehe mizigo ya wenzetu tuliyoiacha njiani. Utupe macho ya kuwaona, miguu ya kuwafikia, na mabega ya kubeba pamoja na wale tusioafikiana nao. Uwapumzishe marehemu wetu, uwalipe mema majirani waliowatunza, utukusanye wote katika nyumba moja ya Baba yako. Amina.