Saa Moja Huku, Saa Nane Kasulu

Louisville, Columbus na Buffalo hufuata saa ileile. Majira ya joto, inapotimu saa moja asubuhi katika miji hiyo, Kasulu mkoani Kigoma, Tanzania, ni saa nane mchana. Novemba Wamarekani wanaporudisha saa nyuma, kule huwa saa tisa. Familia za Kikongo zilizofika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani humo, iliyofunguliwa mwaka 1996, zinaijua hesabu hii kwa kichwa.

Na ina uzito. Mama anayetoka zamu ya usiku hupiga simu kabla ya kulala, kwa kuwa kule jua bado lipo. Akingoja hadi jioni, shangazi kambini atakuwa usingizini, au simu yake imezima kwa kukosa chaji.

Zamani habari zilisafiri kwa barua, au kwa kaseti iliyobebwa na msafiri. Tangu 2013, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafanya kazi ya kaseti ile: asiyejua kusoma anasikiliza, na sauti inasubiri mpaka mtandao urudi.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, mwenye ndugu mjini humo hakuhitaji maelezo marefu. Ujumbe wa “Tupo” ulitosha.

Asubuhi hii, kabla basi la shule halijafika, zipo dakika tano. Kule kambini Bibi amemaliza chakula cha mchana. Watoto wasogee karibu na simu, wamwamkie, “Shikamoo Bibi,” kisha wamwulize kama mvua imenyesha.