NYUMA YA BARAKOA KUNA NANI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Je, umewahi kutazama sherehe za tuzo za Oscar? Hufanyika Hollywood, Marekani, Jumapili jioni. Huku kwetu Afrika Mashariki huwa ni usiku wa manane kuamkia Jumatatu. Wapo wanaokesha. Wengine huamka asubuhi na kuvitafuta vipande kwenye simu: nani kavaa nini, nani kashinda, nani kalia. Zulia jekundu, almasi shingoni, taa, makofi. Unatazama, unatamani. Lakini dakika tano hazipiti, unasonya: "Aah, hawa watu waongo tu!"

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, rafiki yangu. Unawapenda, tena unawachukia. Unawasema, tena mwakani utawatazama. Mbona moyo mmoja unavutwa huku na huku?

DHAHABU YA JUU JUU

Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Kugawa tuzo kulichukua kama dakika 15 tu, watu wakaenda zao. Siku hizi inapita saa tatu.

Na ile sanamu wanayoililia ina urefu wa sentimita 34 na uzito wa karibu kilo 4. Wengi hudhani ni dhahabu tupu. Wapi! Ndani ni shaba iliyochanganywa na bati. Dhahabu imepakwa juu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, madini yalipoadimika, kwa miaka mitatu washindi walipewa sanamu za plasta zilizopakwa rangi. Tena tangu mwaka 1950 mshindi hufungwa na sharti: akitaka kuiuza, kwanza aipe Akademia inayotoa tuzo hizo nafasi ya kuinunua kwa dola 1. Dola moja! Mtu amehangaika maisha yake yote, amelia mbele ya dunia nzima, na bei ya kuirudisha ni dola moja.

Lakini sanamu si neno. Neno ni mioyo ya watu.

Tarehe 29 Februari 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Walimpigia makofi. Lakini usiku ule ule alikaa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake aliocheza nao filamu ile, kwa sababu hoteli ile haikupokea watu weusi. Ilibidi iombwe ruhusa ndipo aingie. Makofi jukwaani, ubaguzi mezani. Unaona?

"MLIKUWA WAPI?"

Mwaka 2014 wengi wetu tulishangilia Lupita Nyong'o, binti aliyekulia Kenya, alipoipokea Oscar. Tulisema huyu ni wetu. Lakini Oktoba 2017 Lupita aliandika katika gazeti la New York Times jambo jingine. Alieleza jinsi mtayarishaji mkubwa wa filamu, Harvey Weinstein, alivyomsumbua alipokuwa bado mwanafunzi. Hakuwa peke yake. Wanawake zaidi ya 80 walijitokeza na kumlalamikia mtu huyo. Akademia ilimfukuza mwezi huo huo. Mahakama ya Los Angeles ilimtia hatiani Desemba 2022, na Februari 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 16.

Sasa sikiliza. Miaka mingi kabla ya hapo, washindi walipopanda jukwaani na sanamu mkononi, mtu huyo huyo walimshukuru kwa jina. Na Januari 2018, kwenye tuzo za Golden Globe, wanawake wengi waliingia wamevaa nguo nyeusi kuwatetea walioonewa. Wengine walifanya hivyo kwa machozi ya kweli; wamo waliokuwa wameumizwa wao wenyewe. Lakini watazamaji wengi waliuliza swali moja: "Ninyi mliojua, siku zote hizo mlikuwa wapi?"

Halafu kumbuka tarehe 27 Machi 2022. Will Smith aliinuka kitini akampiga kofi Chris Rock jukwaani, kwa sababu ya mzaha juu ya kichwa cha mkewe kilichonyolewa. Dunia iliona. Haikupita saa moja, Will Smith akaitwa kupokea tuzo ya mwigizaji bora. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi! Akalia, akazungumza habari za upendo. Siku 12 baadaye Akademia ikamfungia miaka 10. Leo wanasimama kwa heshima, kesho wanafunga mlango. Basi ukweli wao ni upi?

Ndiyo maana watu huchoka. Mwaka 1998 waliotazama Oscar Marekani peke yake walizidi milioni 50. Mwaka 2021, wakati wa korona, walishuka mpaka milioni 10 hivi. Sababu ni nyingi, sikatai. Lakini ona ajabu: mwaka 2024 walikuwa wamepanda tena mpaka karibu milioni 20. Watu wanaondoka wakinung'unika, wanarudi wakichungulia. Kama wewe.

NENO LENYEWE

Je, unajua neno "mnafiki" alilolitumia Bwana Yesu lina maana gani? Injili ziliandikwa kwa Kiyunani. Na katika Kiyunani cha zamani neno hilo lilikuwa jina la kazi. Lilimaanisha mwigizaji! Mtu wa jukwaani. Waigizaji wa zamani walivaa barakoa. Mtu mmoja aliweza kutoka amevaa uso wa mfalme, akaingia ndani, akarudi na uso wa mtumwa au wa mwanamke. Watazamaji waliona uso. Mtu mwenyewe hawakumwona.

Yesu alilichukua neno hilo la jukwaani akawabandika nalo watu wa dini. Ndiyo, watu wa dini! Wale waliopenda kusimama pembeni mwa barabara wakiomba ili waonekane. Wale waliosafisha kikombe kwa nje na ndani mmejaa uchafu. Aliwaambia waziwazi: ninyi ni waigizaji.

Sisemi kila mcheza filamu ni mwovu. Mwigizaji wa filamu angalau anakuambia kwamba anaigiza. Ukitazama mwisho utaona jina lake na jina la mtu aliyemwigiza. Hatari ni barakoa ya mtaani. Hiyo haina maandishi ya mwisho.

NA WEWE JE?

Hebu tusogee karibu. Nyumbani mama anakuita "mwanangu mtulivu". Kijiweni wanakuita jina lingine kabisa. Kwenye picha unacheka, meno yote nje. Usiku umegeukia ukutani, machozi yanalowesha mto. Simu yako ina namba ya siri, si kwa ajili ya wezi tu. Kwa mchumba wako wa Jumamosi unaapa. Kwa yule wa Jumatano unaapa vilevile. Umekopa viatu upige picha, watu wakasema jamaa mambo yake safi, na wewe hujala tangu jana.

Nani atakupa tuzo kwa uigizaji huo? Na utaucheza mpaka lini?

Hapa wengi hujitetea: "Afadhali mimi. Mimi si kama Weinstein." Rafiki, maneno hayo ni ya zamani. Yesu alisimulia habari za watu wawili walioingia hekaluni kuomba. Mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwamba yeye si mwovu kama wengine, wala si kama yule mtoza ushuru pale nyuma. Mwingine hakuthubutu hata kuinua macho. Alijipiga kifua akaomba rehema. Aliyerudi nyumbani amekubaliwa na Mungu ni yule wa pili. Yule wa kwanza alirudi na barakoa yake.

Ile hasira yako juu ya waongo ni nzuri. Usiizime. Inakushuhudia kwamba uliumbwa na Mungu wa kweli, na moyo wako hauwezi kushibishwa na maigizo. Lakini hasira inayonyoosha kidole kwa Hollywood tu, nyumbani haigusi, hiyo nayo ni uigizaji.

"LAKINI HATA KANISANI WAMO!"

Najua ulikuwa unalingoja hilo. Unasema, "Kanisani siendi, walokole wenyewe wanafiki." Umemwona mzee wa kanisa anayepiga mkewe. Umemwona mwimbaji wa kwaya anayelewa kwa kificho. Sitabishana nawe. Wamo. Na Yesu amewakemea kwa ukali kuliko ulivyowakemea wewe. Katika jambo hilo wewe na Yesu mko upande mmoja!

Lakini niambie: ukipewa noti bandia, utatupa pesa zako zote? Noti bandia ipo kwa sababu noti halali ipo. Hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani. Wewe siku ile hutaulizwa habari za mzee wa kanisa. Utaulizwa habari zako.

YESU HUVUA BARAKOA NAMNA GANI?

Dunia ikimvua mtu barakoa humvua gazetini, kila mtu aone, kisha humtupa. Jana nyota, leo takataka. Ndiyo maana watu huogopa kusema ukweli.

Yesu hakufanya hivyo. Pale kisimani Samaria alimkuta mwanamke aliyekuja kuteka maji saa sita mchana, jua kali. Hapakuwa na watazamaji. Hata wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Yesu akamwambia maisha yake yote: waume watano, na yule aliye naye sasa si wake. Hakumficha chochote. Lakini kwanza alimwomba maji, akaongea naye kama mtu mwenye heshima, akamwahidi maji ya uzima. Mwanamke yule aliacha mtungi, akakimbia mjini kuwaambia watu njooni mkamwone mtu aliyenijua mambo yangu yote. Yule aliyekuwa akijificha akawa mtangazaji! Kumbe kujulikana si aibu, ikiwa anayekujua anakupenda.

BAHASHA ISIYOKOSEWA

Tarehe 26 Februari 2017, mwisho kabisa wa sherehe za Oscar, waliokuwa wakitangaza filamu bora walipewa bahasha isiyo yake. Wakasoma: La La Land. Watu wakapanda jukwaani, wakakumbatiana, wakaanza kutoa shukrani. Ghafla ikasemwa: hapana, kuna makosa, mshindi ni Moonlight. Wenye sanamu mikononi ikabidi wawakabidhi wengine, mbele ya dunia nzima.

Kijana, iko siku nyingine inakuja. Siku hiyo vitabu vitafunguliwa, na kitabu cha uzima nacho kitafunguliwa. Hapo hakuna karani wa kukosea bahasha. Hakuna kampeni, hakuna kura, hakuna kujuana. Makofi ya kijiweni hayatasikika huko. Je, jina lako limeandikwa? Au umeshaanza kushukuru juu ya jukwaa lisilo lako?

UFANYE NINI SASA?

Usingoje uwe mtu safi kwanza. Njoo na uso wako wenyewe. Kristo alikufa msalabani kwa ajili ya wenye dhambi, akafufuka, na anakungoja hapo ulipo, iwe ni kitandani au kituo cha basi. Hahitaji ukumbi. Omba hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimechoka kuigiza. Wewe unanijua nilivyo, na yale ninayoyaficha unayaona. Mimi ni mwenye dhambi. Naomba unisamehe, unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Nipe moyo mmoja, wa mchana na wa usiku. Andika jina langu katika kitabu cha uzima. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kweli, leo hii mtafute mtu mmoja uliyemdanganya, umwambie ukweli. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Habari za yule mwanamke utazikuta sura ya nne. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ukawaambie umempokea Yesu. Ukikuta mwigizaji humo ndani, usikimbie. Kaa, uwe wewe mmoja asiyeigiza.

Taa za Hollywood huzimwa usiku ule ule. Ya kwako itazimwa lini, hujui. Njoo kwa Yesu leo!

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.