Majira Hurudi, Umri Haurudi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuugeuza usiku na mchana na kuyapitisha majira kwa kipimo kisichokosea. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zangu Waislamu, tazameni jinsi Mola wetu alivyouendesha ulimwengu huu kwa mizunguko. Jua huchomoza na kuchwa. Mwezi huandama, ukajaa, kisha hurejea ukawa mwembamba, na katika Sura ya Yaasin umefananishwa na karara la mtende lililokauka. Mwanadamu naye, kama tunavyofundishwa katika Sura ya Ar-Rum, huanza katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarejeshwa kwenye udhaifu na mvi. Na baada ya msiba wa Uhud, katika mwaka wa 3 Hijria, Waislamu walikumbushwa kwamba siku za ushindi na za kushindwa huzungushwa baina ya watu. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi baina ya Oman na Unguja waliyajua haya kwa macho yao: kaskazi iliwapeleka na kusi ikawarejesha.

Walikuwako watu walioyaona haya yote wakapotea. Walidai kuwa hakuna kinachowaangamiza ila dahari, yaani mpito wa zama. Kauli yao imetajwa na kukanushwa katika Sura ya Al-Jaathiya. Majira hayajiendeshi yenyewe, wala hayana amri juu ya mtu. Yana Mwenye kuyaendesha, naye ameyaweka ili tuzingatie.

Tuzingatie basi mwezi wa Ramadhani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa hiyo Ramadhani hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka, na huyazunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Ramadhani ya mwaka 1403 Hijria iliingia mwezi wa Juni 1983, katika joto kali la Ghuba. Ile ya mwaka 1437 iliingia tena Juni, mwaka 2016. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika ile ya kwanza alikwishafika miaka 53 katika ile ya pili. Mwezi ulirejea mahali pake, lakini yeye hakurejea katika ujana wake. Na wangapi waliofuturu naye sinia moja mwaka ule, nao mwaka wa pili walikuwa makaburini? Wengi wetu hatutimizi mizunguko mitatu ya namna hiyo.

Hapa ndipo Shetani anapomtega mja. Humwambia: Ramadhani itakuja nyengine, Ijumaa itakuja nyengine, utatubia wakati huo. Na kweli zitakuja, ila hakuna aliyeahidiwa kuwa zitamkuta hai.

Mnaoishi Oman mnazijua falaji zetu, ambazo 5 kati yake, pamoja na Falaji Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na kipimo chake huitwa athar, nacho ni kiasi cha nusu saa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli na usiku kwa nyota. Mwenye zamu akilala, maji hayamngojei. Wakati wake ukisha, haki ni ya jirani. Lakini huyo atangoja mzunguko ujao, na mitende yake huenda ikavumilia. Zamu ya umri haina mzunguko wa pili.

Nilipokuwa katika ukadhi ilinijia kesi ya ndugu aliyezuia fungu la dada yake katika maji ya falaji waliyorithi kwa baba yao. Hakuikana haki hiyo. Kila mwaka alisema atampa baada ya mavuno ya tende. Mavuno yalikuja na kupita, na yule dada akafa kabla ya kupata hata athar moja. Waliofika mbele yangu ni watoto wake. Hukumu ilitolewa na maji yakarejeshwa kwa warithi, lakini msamaha wa dada yule hapakuwa na kadhi wa kuuhukumu.

Ndugu zangu, itikadi yetu Maibadhi katika jambo hili si nyepesi. Imani ni kauli na amali. Kushikilia dhambi ndogo kwa kukusudia huifanya kubwa, na mwenye kufa akishikilia dhambi kubwa bila ya toba hana tamaa ya kutolewa Motoni baada ya kuingizwa. Na Sura ya An-Nisaa imebainisha kuwa haina toba yule anayeendelea na maovu mpaka mauti yakamhudhuria. Basi mwenye kuahirisha anacheza na jambo gani?

Wala msikate tamaa. Mizunguko hii ni rehema pia, kwani kila adhana ni mlango uliofunguliwa mara nyengine. Aliye hai leo hajachelewa. Lakini toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorejea, na kurejesha haki za watu. Mwenye deni alilipe. Mwenye fungu la yatima au la dada yake alitoe kabla ya jua kuchwa. Mwenye mama Muscat, Unguja au Mombasa aliyemsusa, ampigie simu leo, wala asingoje Idi.

Ewe Mola wetu, tujaalie toba ya kweli kabla ya mauti, na zifanye siku zetu za mwisho kuwa bora ya siku zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.